Hatua Moja Nyuma

Mama alinituma nikamwite kaka. Hilo tu. Nikamwite kaka Ezron aje ale.

"Mwambie nimepika mbalaga, zile ndizi anazozipenda," alisema, macho kwenye sufuria. "Mwambie leo anakula hapa na mke wake. Si huko kwenye mashine yake."

Ilikuwa jioni ya kijijini kwetu Suma, ile jioni isiyo na machweo. Ukungu hushuka kutoka mlima Rungwe, ukaingia kwenye mashamba ya chai, ukaingia kwenye migomba, ukaingia hadi jikoni, na mtu hujua siku imekwisha kwa sababu haoni tena ng'ombe wake.

Nilikuwa likizo, nimetoka chuo cha ualimu. Ikupa, mke wa kaka, alijifunga kanga yake nyekundu kichwani akasema atanisindikiza.

"Na tumbo hilo?" nilimuuliza.

"Tumbo ndilo linalotaka kutembea, wifi. Mimi nalifuata tu."

"Mwisho wenu kwenye migomba," mama aliita nyuma yetu. "Ikupa, umesikia? Usivuke kijito."

Hakuna aliyependa kuvuka kile kijito. Masika yaliyopita baba yetu, mzee Lazaro, aliteleza pale akiwa na kikapu cha chai mgongoni. Alikutwa uso majini. Ezron hakuwepo. Alikuwa mpakani Kasumulu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila kijana aliyepunguzwa kiwandani akawa mfanyabiashara, na yeye alikuwa amekwenda kununua runinga, deki ya video na mashine ya gemu. Aliporudi na mizigo yake, udongo wa kaburi ulikuwa umeshatulia.

Hakulia. Watu wote waliona kwamba hakulia. Alifungua banda lake kule barabarani, akawasha jenereta, akakaa mbele ya kioo.

"Chuoni wanawafundisha nini hasa?" Ikupa aliniuliza njiani.

"Kufundisha."

"Basi mfundishe kaka yako njia ya kurudi kitandani."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka, kwa sababu kicheko chake kilikatika katikati, kama uzi.

Alisimama. Akainua mkono.

Kwa mbali, ndani ya ukungu, mtu alikohoa. Mara mbili, kwa ufupi. Kimya. Halafu mara moja, kwa kirefu, kama anayevuta gogo kifuani.

Nilikijua kikohozi kile. Nilikua nikikisikia kila alfajiri.

"Shii," alinong'ona Ikupa. "Baba mkwe."

Akanivuta kwenye migomba.

Asiyetoka kwetu sharti aelewe hapa. Kwa Wanyakyusa, mwanamke hamtazami baba wa mume wake. Hataji jina lake, hamsalimii, hakai alipo yeye. Akimsikia njiani anatoka njiani, anafunika uso, anampa mgongo mpaka apite. Kutila, tunaita. Ni heshima, na ni hofu pia, kwani mkwe akimtazama baba mkwe usoni, husemwa kwamba tumbo lake ndilo litakalolipa. Ikupa alikaa katika ukoo wetu tangu alipoolewa kutoka Kisiba, akampikia baba, akamfulia, na hakuwahi kuuona uso wake hata siku moja.

Alikuwa ameinama sasa, mgongo kwa njia, kanga usoni. Upande mmoja wa kanga alinifunika na mimi.

Mimi ni binti. Ningeweza kutazama. Lakini kanga ile ilinibana kichwa, na nilichokiona ni kile tu anachokiona mkwe siku zote... ardhi. Majani makavu ya mgomba. Ukingo wa njia.

Harufu ikaja kwanza. Udongo uliochimbuliwa. Na juu yake harufu nyingine, kavu, ya kitu kama plastiki inayoungua.

Kisha miguu.

Ilikuwa imefungwa kitambaa cheusi. Kidole gumba peke yake, vidole vingine pamoja, mguu umepasuka mbele kama kwato. Ilikanyaga tope na tope halikusema kitu. Ilikwenda upesi, ikasimama ghafla. Ikarudi hatua moja nyuma. Ikaenda tena. Ikafika mbele yetu.

Ikaruka.

Hakukuwa na shimo pale. Hakukuwa na jiwe. Iliruka juu ya kitu kisichokuwepo, ikatua, ikapiga hatua tatu, kisha ikatetemeka, ikaonekana, isionekane, ikaonekana...

Njia ikawa tupu.

Nilisikia tone likianguka kutoka kwenye jani. Ikupa hakugeuka mpaka alipohesabu pumzi zake.

"Wifi," alisema, "waliniambia nitaacha kujificha akishazikwa. Mbona bado anapita?"

Niliichungulia njia.

"Kila jioni. Mwanzo nilimsikia kule kijitoni tu. Juzi kwenye chai. Leo amefika huku." Aliishika mikono yangu. Yake ilikuwa ya baridi. "Niambie kitu. Wewe uliuona uso wake. Mimi ukinionyesha hata picha yake, sitamjua. Nionyeshe kisigino nitakwambia ndiye. Baba mkwe alikosa kidole kidogo, mguu wa kushoto. Sivyo?"

"Ndivyo. Alijikata na jembe."

"Alipasuka nyayo kama ardhi ya kiangazi?"

"Ndivyo."

"Sasa huyu ni nani ninayemheshimu?"

Nilimwambia arudi kwa mama. Nilimwambia wafunge mlango. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Sufuria la maji liko uani, wifi, kuni zangu ziko uani. Nikisikia kikohozi chake nitageuka tu, nikiwa popote. Mwili wangu umeshazoea. Na je, kama ndiye? Nimtazame, halafu mtoto...?"

Akashika njia ya nyumbani, kanga yake nyekundu ikafifia, ikafifia, ikamezwa.

Nikavuka kijito mbio.

Banda la Ezron lilikuwa la mabati na mabanzi, pale njia ya kwetu inapokutana na barabara. Wateja wa video huja baadaye. Jioni ile mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na jenereta ilinguruma nyuma yake. Niligonga. Nikagonga tena. Ufa mmoja ulitoa mwanga wa bluu, kisha mweupe, kisha wa bluu.

Alifungua bila kunitazama, akarudi upesi kwenye kreti lake la soda.

"Kaa, mwalimu. Usinisemeshe. Nimebakiwa na roho moja."

Kulikuwa na harufu ya petroli. Na ya plastiki inayoungua.

Alikonda, kaka yangu. Mwanga ulimchimba mashavu. Mikononi alishika kile kibao cha kubonyezea, waya wake ukimtambaa miguuni, na kwenye kioo mtu mdogo aliyefunikwa uso alikimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Ninja. Nilishawahi kumwona. Kila mtoto wa Suma alishamwona: anakimbia, anaruka, anapanda kuta, anakata kwa upanga, na dunia inasogea kadiri anavyosogea. Maandishi yake ni ya Kijapani, hakuna aliyeyasoma. Wimbo wake ni mmoja, mfupi, unaojirudia kama kwikwi.

Alikwenda upesi. Akasimama ghafla. Akaruka.

Niliujua mwendo ule. Nilikuwa nimetoka kuutazama kutoka chini ya kanga.

"Kaka. Zima."

"Sikiliza kwanza nikuonyeshe." Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu mwenye homa. "Umemwona yule mwenye mkuki? Namkata. Amekufa, sivyo? Nampita. Ameachwa nyuma ya ukingo wa kioo. Sasa tazama. Narudi hatua moja nyuma."

Alirudi hatua moja nyuma.

Mwenye mkuki akatokea ukingoni, mzima, kama hakuwahi kuguswa.

"Unaona? Uliyempita hajaisha. Yuko pale pale ukingoni, anasubiri urudi hatua moja." Alilamba midomo. "Mchungaji aliyemzika baba hajui hili, Atu. Mimi nilijaribu."

"Ulijaribu wapi?"

"Kijitoni."

Jenereta ilikohoa, ikaendelea.

"Nilipita pale alipoanguka baba. Nikavuka. Kisha nikarudi hatua moja, hivi, kisogo mbele, bila kugeuka. Nikamsikia akikohoa nyuma yangu. Atu, ni yeye! Niliogopa nikitazama nitamharibu. Nikaja hapa mbio, nikawasha, na hii kaseti ya gemu ilikuwa na njia mpya. Njia ambayo haikuwepo. Kuna kijito. Kuna chai. Kuna migomba. Sikumzika baba. Basi nitamleta nyumbani."

"Unayemleta si baba."

"Umejuaje?"

Juu ya runinga lilikuwepo boksi la ile kaseti, limechanika pembe. Mchoro wake ulikuwa wa ninja anayeruka juu ya paa, upanga hewani. Nilimwonyesha kwa kidole. Soksi nyeusi za kitambaa. Kidole gumba peke yake.

"Miguu hii imenipita sasa hivi pale kwenye migomba yetu," nilisema. "Ikupa anaisikia kila jioni. Ina kikohozi cha baba, kaka, lakini haina mguu wa baba."

Alisikia. Najua alisikia, kwa sababu shingo yake ilikakamaa. Lakini vidole havikusimama. Kioo kikasogea, migomba ikapita, migomba, migomba, majani yake ya kijani kibichi ya vipande vipande, halafu uwanja.

Nyumba yenye paa la bati. Mafiga matatu. Shimo jeusi karibu na migomba, pale pale lilipo shimo la baba la kuivishia ndizi.

Na mbele ya mlango, mtu. Mdogo kama kidole. Amesimama, ametupa mgongo.

"Sijawahi kufika hapa," Ezron alinong'ona. "Huyu ni mlinzi wa mwisho. Kila njia ina mlinzi wa mwisho. Nikimwondoa huyu, mlango utafunguka."

Ninja aliruka shimo. Akachomoa upanga.

"Mbona hageuki?" nilimuuliza.

"Sijui."

"Mlinzi gani anampa adui mgongo?"

Alizidi kubonyeza.

"Kaka. Hapa Suma nzima, ni nani akimsikia baba anageuza mgongo?"

Kichwani kwa yule mtu mdogo palikuwa na nukta nyekundu.

Nyekundu.

Ezron alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mzima. Aliondoa vidole vyake kwenye vitufe, akaviinua juu, vyote, nikaviona.

Ninja akapiga hatua.

"Sijabonyeza," alisema. "Atu, sijabonyeza."

Hatua nyingine. Nilirukia waya wa umeme. Akanidaka mkono kwa nguvu nikaanguka juu ya kreti.

"Usizime! Ukizima anabaki pale! Anabaki pale naye!"

Kwa ule wimbo mfupi unaojirudia, kwa mwanga ule wa bluu, tulitazamana, watoto wawili wa Lazaro, na wote wawili tukaliona jambo lile lile kwa wakati mmoja. Shimo. Shimo lilikuwa nyuma ya ninja. Karibu kabisa. Hatua moja.

Hatua moja nyuma.

Na wote wawili tulijua hatua moja nyuma inafanya nini: inamrudisha uliyempita.

"Bonyeza," nilisema.

Alibonyeza kwa vidole gumba vyote viwili. Ninja hakutii. Upanga ukainuka. Ezron aliuma meno, akakivuta kile kibao kuelekea kifuani kama mtu anayevuta ng'ombe kutoka topeni, akalia, hatimaye akalia, "Baba, baba, baba," machozi yote ya masika yakamtoka pale juu ya kreti la soda. Yule mtu wa kioo akatetemeka. Kisigino chake kikarudi.

Akaanguka shimoni.

Wimbo ukakatika.

Kabla kioo hakijawa cheusi, kitu kiliingia ukingoni, upande wa kushoto, upande wa vilivyopitwa. Kilikuwa kidogo, kifupi, kimeinama. Mgongoni kilibeba kitu kama kikapu. Kilitembea polepole, hakikuruka, kikapita ukingo wa shimo kikielekea nyumbani.

"Umemwona?" alisema Ezron.

Giza.

Tulikimbia. Hatukuwa tumeshikana mikono tangu utoto, lakini tulishikana. Kijito tulikipita bila kukisikia. Uani moto ulikuwa ukiwaka kwenye mafiga, na Ikupa alisimama mbele ya mlango, mgongo kwetu, kanga nyekundu usoni, mikono imelikumbatia tumbo.

"Ikupa," Ezron aliita. "Mke wangu. Ni mimi."

"Amepita?" aliuliza bila kugeuka.

"Amepita."

Ndipo alipoketi chini, palepale, kama gunia lililokatwa kamba. Mama alitoka na taa. Tulimfunika blanketi. Shingoni, nyuma, chini ya nywele, ngozi yake ilikuwa na mstari mwembamba mwekundu, hauvuji damu, kama alama ya jani la tete. Pale palikuwa na baridi kuliko mwili wake wote.

"Alinipumulia," alisema. "Alisimama nyuma yangu akanipumulia hapa. Sikugeuka. Nilitamani kugeuka, wifi, lakini sikugeuka. Halafu akarudi nyuma. Nikasikia shimoni puu."

Mama alisogeza taa kwenye shimo la ndizi. Majani ya juu yalikuwa yamebonyea. Chini hapakuwa na kitu, ila harufu ya plastiki.

"Basi imekwisha," alisema Ezron.

Ikupa alitikisa kichwa.

"Baada yake akaja wa pili," alisema. "Polepole. Nilimwona miguu kwa chini ya kanga. Peku. Nyayo zimepasuka." Akageukia kwangu. "Mguu wa kushoto haukuwa na kidole kidogo."

Mama aliweka taa chini taratibu.

"Alikwenda wapi?" nilimuuliza.

Ikupa alikivuta kile kitambaa chekundu, akakikunja, akakikunjua.

"Sikumsikia akiondoka."

Asubuhi Ezron aliichoma kaseti na boksi lake pamoja, akatawanya majivu kijitoni. Runinga, deki na mashine ya gemu aliviuza. Alikwenda kaburini na jembe, akatupa juu yake udongo ambao hakuutupa masika, na mchungaji akaja akaomba pale na uani. Shimo la ndizi lilifukiwa. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mnene, mwenye sauti. Ukitaka kujua kama tulishinda, ndiyo, mtoto yupo, nimembeba mikononi. Mstari shingoni kwa mama yake haukufutika, lakini kanga huuficha.

Likizo ya mwaka uliofuata nilimkuta ameanza kutembea. Tulikuwa uani, saa ile ya ukungu kushuka. Ezron alipasua kuni. Mama alimenya ndizi. Mtoto alinijia kwa hatua zake za ulevi, moja, nyingine, nyingine, nami nimenyoosha mikono, sote tukimpigia makofi.

Katikati ya uwanja alisimama.

Akarudi hatua moja nyuma.

Kisha akageuka upande wa migomba, akacheka, akainua mikono yote miwili juu, vile mtoto anavyoinua anapotaka kubebwa.

Hapakuwa na mtu.

Ezron aliliacha shoka kwenye gogo. Mama aliacha kumenya. Na pale mafigani, bila neno, Ikupa alivuta kanga usoni, akageuka, akatupa mgongo. Niliona macho yake chini ya ukingo wa kitambaa, yameinamia ardhi, yanafuata kitu kilichokuwa kikipita taratibu kuelekea kwa mtoto.

"Wifi," nilinong'ona. "Miguu ipi? Ya peku, au ile ya kitambaa?"

Macho yake yalifika miguuni pa mtoto, yakasimama.